Kishikio cha Mbambakofi

Rili ya Babu ilikuwa na kasoro moja tu, na mimi ndiye niliyeamua kwamba ni kasoro.

Rili, kwa wasiojua, ni lile gurudumu linalokaa juu ya fimbo ya kuvulia na kukunja mshipi. Ya Babu ni Penn Senator, saizi 6/0, nzito kupita pakiti ya sukari ya kilo. Mbavu zake ni bakelaiti nyeusi, ile plastiki ngumu ya redio za zamani. Vyuma vyake ni shaba iliyopakwa kromu, na kando ya mkono wa kuzungushia kuna nyota ya chuma inayokaza na kulegeza breki. Ubavuni imeandikwa Philadelphia, mji wa Marekani ambako mhamiaji wa Kijerumani, Otto Henze, alianzisha kampuni ya Penn mwaka 1932. Senator zilianza kuuzwa 1936, zikatapakaa kila bahari yenye samaki wakubwa. Malindi ikiwemo.

Sasa, kasoro. Mwisho wa ule mkono panapaswa kuwa na kishikio cha kiwandani, chembamba, laini, kimechongoka huku na huku. Cha Babu kilikuwa kipande cha mti. Kinene, cheusi kwa jasho na mafuta ya samaki, upande mmoja bapa na upande mwingine umevimba, kama kokwa la embe. Kilikuwa kimefungwa kwa bolti na nati ambazo hata hazikulingana na vyuma vingine. Ukiitazama rili yote unaona mashine, kisha macho yako yanafika pale mwisho yanaona kuni.

Babu alifariki 2016. Alikuwa baharia wa boti za uvuvi wa kitalii hapo Malindi tangu miaka ya sitini, zile boti za kupeleka wageni kutafuta sulisuli na nduwaro, samaki wenye midomo kama mikuki. Wageni hao wamekuwepo kabla hata ya yeye kuanza kazi. Hemingway mwenyewe alivua pwani hiyo mwaka 1934. Baada ya matanga watu waligawana vitu. Mmoja akachukua redio, mwingine kitanda cha kamba, mwingine baiskeli. Lilibaki sanduku la mbao chini ya uvungu na hakuna aliyelitaka. Ndani mlikuwa na koili za waya, ndoana kubwa kama kidole changu cha shahada, chubwi za risasi, Rapala mbili zilizochubuka rangi, na rili imefungwa kwa kikoi kilichochakaa. Nikasema nalichukua mimi. Ami akaniangalia muda kidogo, kisha akasema, "Haya, chukua."

Nililipakata hadi Nairobi kwa basi la usiku. Kondakta alitaka liingie buti, nikakataa.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Nilianza kwa kutaka tu kujua nina nini. Baadaye nikawa siwezi kupita Gikomba bila kuinama kwenye marundo ya vyuma chakavu. Watu wanadhani mitumba ni nguo na viatu peke yake. La. Katika ule msongamano huwa kuna vitu vya kila aina, vya nje na vya hapa hapa, vya nyumba za wazee waliokufa na watoto wao wakataka nafasi. Siku moja nilikuta Mitchell 300, rili ya Kifaransa yenye umbo kama yai, imelala kati ya pasi ya makaa na kifuniko cha blenda.

"Hiyo ni pati ya cherehani, buda," muuzaji akaniambia. "Leta soo sita."

Nikatoa mia sita, nikaondoka mbio kabla hajaitazama vizuri. Nyumbani niliifungua, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikatoa grisi iliyoganda ikawa kama nta. Nilipozungusha mkono, gia ziliitikia kwa sauti ndogo, tik tik tik, kama saa. Na kwa kweli ni saa. Mitchell zilitengenezwa Cluses, mji wa mafundi saa huko Ufaransa. Baadaye nilipopata ABU Ambassadeur, ya Uswidi, nyekundu kama rangi ya kucha, nikagundua kuwa nayo ina ukoo uo huo. Kampuni ya ABU ilianza 1921 ikitengeneza saa, ikaja hadi mita za teksi, kabla ya kuhamia kwenye samaki. Mtu aliyezoea kupima dakika ndiye aliyejua kutengeneza breki isiyokwama.

Huko Nairobi na Nyeri kuna pia zile za mto. Trauti si samaki wa hapa. Waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 wakatiwa Mto Gura, kule Aberdare, ili walowezi wapate mchezo wa nyumbani kwao. Mchezo ulikuja na vifaa vyake, na vifaa vikabaki. Ninayo Hardy moja ndogo, kazi ya mafundi wa Alnwick, Uingereza, niliyoipata kwa mzee mmoja wa Ngara anayeuza fremu za picha. Hakutaka pesa nyingi. Alitaka kujua tu ni kitu gani, kwa sababu aliitumia miaka kadhaa kuzuia mlango.

Wakusanyaji tuko wa aina mbili. Kuna wa rafu na kuna wa maji. Wa rafu anataka kifaa kibaki kama kilivyotoka kiwandani, na kama kina boksi lake na karatasi yake, basi hata afadhali kisiguswe. Wa maji anataka kukitia kazini. Mimi nilijihesabu kuwa wa maji. Jumamosi moja moja huwa nachukua Mitchell, napanda matatu hadi bwawa moja huko Kiambu, nalipa ya mlangoni, navua ngege. Vijana wenye fimbo mpya za kaboni wananicheka. Halafu wananiomba waizungushe kidogo.

Lakini Penn ya Babu haikuwa ya bwawa. Kuipeleka kuvua ngege ni kama kwenda dukani kununua maziwa kwa lori. Kwa hiyo ilikaa kwenye rafu, juu ya tivii, katika bedsitter yangu ya Roysambu. Na kitu kikikaa kwenye rafu, hata wewe wa maji unaanza kukitazama kwa macho ya rafu. Kila nilipolala niliona ile kuni.

Mwaka juzi nilipata mnunuzi. Mtu mzima, mstaarabu, anakusanya vifaa vya bahari vya zamani. Alikuja, akaishika, akaivuta breki, akatikisa kichwa kwa heshima. Senator si rili adimu, zilitengenezwa kwa wingi mno, na alinieleza hivyo bila kunificha. Lakini hii, alisema, mbavu zake hazina ufa, kromu imeshika, maandishi yanasomeka. Angetoa Sh12,000. "Ila hicho kishikio," akasema. "Hicho kinaharibu kila kitu. Ukipata cha asili, nipigie."

Kodi yangu wakati huo ilikuwa Sh13,000, na kazini, kwenye kituo cha kupokea simu za wateja, walikuwa wamechelewesha mshahara wiki ya tatu. Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa pesa peke yake, hata hivyo. Nilikubaliana naye. Nilikuwa nimekubaliana naye kabla hajafungua mdomo.

Binamu yangu aliyekuwa anarudi kutoka Marekani aliniletea kishikio cha asili. Kishikio peke yake bila ule mkono wake, kwa sababu ndicho nilichoweza kumudu. Ilibidi basi nikitoe cha Babu pale kilipofungwa. Nati ilikuwa imeshikana na bolti kwa kutu ya chumvi ya miaka mingi. Nilitia mafuta, nikangoja siku mbili. Nikajaribu spana, ikateleza. Saa nne usiku, jirani akigonga ukuta kwa kelele zangu, niliishika ile bolti kwa koleo nikapiga nyundo mara moja, kwa hasira kidogo.

Mti ulipasuka katikati, kufuata nyuzi zake. Vipande viwili vikaanguka sakafuni, kimoja kikaingia chini ya meko.

Ndani, pale mti ulipopasuka, rangi ilikuwa bado ya dhahabu iliyoiva. Niliona hivyo, nikafikiri tu, ala, kumbe ulikuwa mti mzuri. Nikavitia vile vipande kwenye mkebe wa Blue Band wa misumari. Kesho yake fundi mmoja wa jua kali Kamukunji akanigongea kishikio kipya kwa ribiti. Rili ikawa nzuri kama ya picha. Nikampigia yule mnunuzi. Alikuwa safarini, akaniambia tungoje mwaka mpya.

Kwa hiyo Desemba nilipoenda nyumbani Malindi, niliibeba. Nilitaka Ami aione ilivyopendeza.

Ami ni mdogo wa Baba. Naye ni mvuvi, lakini wa kujitegemea, ana boti la faiba la futi 23 na injini ya farasi 40. Nilimkuta barazani anashona wavu. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba, za Nairobi, salama. Nikafungua kikoi kile kile, nikaiweka rili mapajani mwake.

Aliigeuza. Akasogeza nyota. Akazungusha mkono mara moja, akasimama.

"Kile kijiti ki wapi?"

"Nimekitoa, Ami. Nimeweka cha asili."

"Cha asili." Alirudia neno lile taratibu kama mtu anayeonja chumvi. "Na kile umekifanya nini?"

Nikamwambia kilipasuka. Nikamwambia na juu ya mnunuzi, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kusema na sikujua pa kuishia. Hakunikemea. Aliweka rili kando, akaendelea kushona jicho moja la wavu, la pili, la tatu. Kisha akaniuliza, "Babu yako vidole vyake viwili vilikwenda wapi?"

Swali hilo kila mtoto wa nyumba yetu analijua jibu lake. Mkono wa kulia wa Babu haukuwa na kidole cha shahada wala cha kati. Papa alivila. Babu mwenyewe ndiye aliyetuhadithia, tukiwa tumemzunguka usiku, na kila mwaka papa yule alikuwa anazidi kuwa mkubwa.

"Papa," nikasema.

"Papa ni wa kuwapigia watoto hadithi," Ami akasema. "Ni waya."

Nitaeleza, kwa sababu hata mimi ilibidi nielezwe. Katika uvuvi ule, mgeni hukaa kwenye kiti na rili, anavuta. Mshipi wake ni mrefu, lakini kipande cha mwisho karibu na ndoana ni waya, ili mdomo wa samaki usiukate. Waya ukifika juu ya maji, rili haiwezi kuuvuta tena. Hapo baharia huvaa glavu, anainama ubavuni mwa boti, anaushika ule waya kwa mikono na kumleta samaki karibu. Ndiyo kazi ya hatari kuliko zote. Samaki mkubwa akiliona boti huwa anapata nguvu mpya. Akichomoka wakati waya umezunguka vidole, ama waya ufunguke, ama vidole viende, ama mtu mzima aende.

Ilikuwa miaka ya sabini katikati, Ami alikuwa mvulana. Samaki alikuwa nduwaro. Babu alizungusha waya mkononi zamu moja kuliko ilivyostahili, kwa sababu nahodha alikuwa anapiga kelele asimpoteze, mgeni amelipa.

"Ile picha ya sebuleni unaijua," Ami akasema.

Naijua. Imo kwenye fremu ya plastiki, imekuwa ya manjano. Nduwaro ananing'inia kwa mkia kwenye mti wa kupimia, mrefu kuliko watu. Mgeni amesimama kando yake amevaa kofia, ameshika fimbo. Nahodha yuko upande wa pili. Nyuma ya picha kuna kalamu ya wino, uzito wa samaki kwa ratili, tarehe, na jina la yule mgeni. Utotoni nilikuwa naitazama nikimtafuta Babu, nikidhani ni ule ukingo wa shati unaoonekana pembeni. Kila mara niliuliza Babu yuko wapi hapa, na kila mara mtu aliniambia, yumo, tafuta.

"Hayumo," Ami akasema. "Walipokuwa wakipiga picha, yeye alikuwa zahanati."

Alilipwa ile siku. Gharama za zahanati alilipiwa pia, Ami alilisema hilo kwa haki kabisa. Baada ya miezi mitatu aliporudi kazini, mwenye boti akampa rili. Haikuwa mpya. Ilikuwa imestaafishwa, kishikio chake kimevunjika, na bolti moja haipo. Akaambiwa, chukua mzee, ya pole. Hapakuwa na karatasi, wala mtu wa kumwendea kuuliza vidole viwili ni bei gani.

"Akaja nayo hapa," Ami akasema. "Akajaribu kuizungusha kwa kile kisiki cha plastiki kilichobaki, mkono haushiki. Alikuwa na vidole viwili vya mwisho na gumba. Akaenda kwa fundi wa majahazi, akaomba kipande cha mbambakofi. Alikaa hapo unapokaa wewe, siku nne. Anachonga, anashika, anachonga. Ule ubapa uliouona ni wa kuegemeza kiganja. Ule uvimbe ni wa vidole viwili."

Kisha akasema, "Kitu kile kilikuwa mkono wake, mwanangu."

Sikuwa na la kusema. Nilikumbuka kwamba kwenye rafu ile ile ya Roysambu nimeweka Rapala zake mbili, na kwamba kila mgeni akija humhadithia habari za Lauri Rapala, mvuvi maskini wa Finland, aliyechonga chambo bandia chake cha kwanza mwaka 1936. Alitumia gome jepesi la kizibo, akalivika karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na kwa kukosa vanishi akayeyusha negativu za picha. Huwa nahadithia nikisisimka. Nasema, oneni fundi! Na pembeni yake kulikuwa na kipande cha mti kilichochongwa siku nne, nikakiita kuni.

Asubuhi yake Ami aliniamsha kabla ya adhana. "Lete hiyo rili yako ya asili," akasema. "Tukaione kazi yake."

Kaskazi ilikuwa imeshaingia, upepo mwepesi, bahari imetulia. Tulipitisha boti nje ya mwamba, tukakata kushoto. Kaskazini maji ya Mto Sabaki yalikuwa yameingia baharini yakichora mpaka, hudhurungi upande huu, buluu upande ule. Ami alikuwa ameshatia mshipi mpya wa pauni 50 kwenye rili, na alikuwa ameipima breki kwa mizani ya kuvuta, ile ya kupimia samaki. Theluthi ya nguvu ya mshipi, zaidi ya hapo unatafuta kukatikiwa. Tukafunga waya mfupi, tukafunga Rapala, tukaikokota nyuma ya boti mwendo wa pole.

Wakati tunangoja alinifundisha waya. Akanishika mkono, akaonyesha. Hauufungi. Unaushika, na mkono uwe tayari kuachia wakati wote. "Samaki wako wengi," akasema. "Mkono ni huo."

Kabla ya rili kuwa na breki ya nyota, nilimweleza, samaki akikimbia mkono wa rili ulikuwa unarudi nyuma kwa kasi unazunguka wenyewe. Wavuvi wa Marekani walikuwa wanavunjika vidole kwa wingi, mpaka rili zile zikapewa jina la kuvunja vidole. Kwa hiyo breki hii ilibuniwa ili kuokoa vidole. Ami akacheka kidogo. "Vya nani?" akauliza.

Kama saa mbili u nusu hivi, rili ililia.

Nimesikia rili nyingi zikilia mezani, nikizijaribu kwa kuvuta mshipi kwa mkono. Si sauti hiyo. Hii ilianza kama cherehani, ikapanda. Mshipi ulikuwa unatoka na mimi sina la kufanya ila kushika fimbo na kungoja. Nilikuwa nimeshika pia dagaa muda mfupi kabla yake, na mikono yangu ilikuwa ya mafuta. Samaki aliposimama nikaanza kuzungusha. Kishikio cha asili, kile laini, chembamba, kizuri, kikaponyoka mkononi. Nikakishika tena. Kikaponyoka tena, mshipi ukalegea, moyo ukaniruka. Ami hakusema neno. Mara ya tatu nilikizungushia ncha ya fulana yangu, nikavuta hivyo hivyo mpaka waya ukaonekana.

Ami aliushika waya. Niliitazama mikono yake wakati huo, sikumtazama samaki. Alikuwa na vidole vyote kumi, amevikunja nusu, vinashika na vinaachia, vinashika na vinaachia.

Alikuwa nguru, wa kilo nane au tisa. Tulimla jioni kwa nazi na wali, na kichwa kikapelekwa kwa jirani.

Nilirudi Nairobi nikatoa mkebe wa Blue Band. Vipande vyote viwili vilikuwemo kati ya misumari, hata kile kilichoingia chini ya meko. Nilivisafisha kwa mswaki, nikavipaka gundi ya epoksi, nikavibana kwa kamba usiku mzima. Juu yake nikazungusha waya mwembamba wa shaba mara sita, kama mtu anavyofunga mpini wa jembe uliopasuka. Yule fundi wa Kamukunji nilipomrudia kung'oa kishikio alichokipiga mwenyewe, aliniuliza kama niko sawa. "Si ulisema unataka ikae poa?"

Ufa unaonekana. Hautaacha kuonekana.

Nilidhani nikikirudisha nitapata ule ushikaji mzuri ambao Ami aliusifu. Hapana. Kwa mkono wangu kinakaa vibaya. Vidole vyangu viwili vya mbele havina pa kwenda, vinagongana na mti, na baada ya dakika kumi za kuzungusha kiganja kinauma. Kimechongwa kwa ajili ya mkono ambao mimi sina. Nimejifunza kuvikunja vile viwili ndani, nashika kwa vidole vya mwisho na kuegemeza kiganja kwenye ubapa. Hapo ndipo kinatulia.

Mnunuzi alipiga simu Januari. Nikamtumia picha. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba kwa hali hiyo, na ufa ule, haiwezi kufika hata elfu nne. Nikamwambia najua, na samahani kwa kumpotezea muda. Aliniuliza nini kilitokea. Nikamwambia ni hadithi ndefu, nimeuvunja mkono wa mtu.

Siku hizi rili haikai Roysambu. Inakaa Malindi, kwa Ami, na mimi huifuata kila kaskazi. Juu ya tivii nimeweka ABU na Hardy na kile kishikio cha asili, peke yake, bado kinang'aa. Ile picha ya nduwaro nayo Baba amenipa, na nyuma yake, chini ya jina la yule mgeni, nimeongeza jina la Babu kwa kalamu, na maneno mawili, alishika waya.

Mwezi uliopita Ami alinipigia simu usiku. Amekokota siku nzima, amepata jodari wawili, na gundi yangu imeshika.

"Umeiosha kwa maji matamu?" nikamuuliza. Chumvi ikilala ndani ya breki usiku mmoja tu, unaanza kuuguza.

"Wewe mwana," akasema, "unanifundisha mimi?"

Nikasikia bomba linafunguliwa.